Umezunguka saa mbili hujaona kitu? Kaa chini kwanza

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji, nauweka hapa kama ulivyo maana hajaandika jina na mimi sina cha kuficha: "Nilikuamini. Nimeingia huko kwenye ulimwengu wako wa mtandaoni nimekuta watu wamesimama kama milingoti hawasemi, nyumba tupu, nimezunguka saa mbili sijaona kitu, mwisho nikatupwa nje kama mwizi. Umenipotezea muda."

Nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, nikaandika jibu refu la kumpasha, nikalifuta. Mara ya pili uliniuma. Mara ya tatu nikacheka peke yangu, kwa sababu huyo aliyeandika ni mimi kabisa, mimi wa miaka minne iliyopita, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na wa kumlaumu.

Ngoja niwasimulie maana najua wengi mnaonisoma mnataka hiki hiki ninachotaka mimi, kuona dunia bila kutoka kwenye kiti, na mnaweza kuharibu kama nilivyoharibu.

Nilianza na Second Life. Ni dunia ya zamani kwa hesabu za mtandaoni, ilifunguliwa Juni 2003 na watu bado wamo, na ukitaka kutembea tu akaunti ni bure, unalipa ukitaka nguo, nyumba, ardhi na mambo ya kujionyesha. Jambo la kuelewa, na mimi sikulielewa, ni kwamba karibu kila unachokiona kimejengwa na watumiaji wenyewe. Sio gemu ambayo kampuni imekupangia njia, adui hapa, zawadi pale. Hamna zawadi. Hamna mwisho. Mtu kajenga msikiti, jirani yake kajenga meli ya kivita, anayefuata kaweka sofa moja katikati ya uwanja kaondoka zake.

Basi usiku wa kwanza nikafungua orodha ya sehemu za kutembelea, nikajiwekea lengo. Sehemu arobaini. Nisiwadanganye, nilizimaliza. Unabonyeza, unarushwa, unatokea kama kawingu keupe kanakoelea maana umbo lako la humo, lile linaloitwa avata, halijafunguka, vitu vyote vya kijivu vinaanza kujitokeza kimoja kimoja, mlango, nusu ya mti, ukuta usio na rangi, na mimi kabla hata ukuta haujapata rangi nshabonyeza sehemu nyingine. Arobaini! Asubuhi mtu akaniuliza umeona nini huko nikaanza kubabaika. Nilikumbuka bembea na viatu vya mtu fulani. Basi.

Na kutupwa nje nako nilitupwa. Niliona nyumba nzuri ufukweni, madirisha makubwa, nikaruka (humo unaruka kama ndege, ndio raha yake) nikatua kibarazani kwa watu. Maandishi yakatokea kwenye skrini, una sekunde kumi uondoke. Mi nikadhani ni utani. Nikaanza kusoma vizuri, nikiwa katikati ya sentensi nikajikuta nimerudishwa kule nilikoanzia. Kumbe wenye ardhi wanaweka kifaa cha ulinzi, hakijali we ni mtalii au nani. Unajua nilijisikiaje? Nimekaa chumbani kwangu peke yangu, hakuna aliyeniona, na uso umepata moto kama nimefumaniwa naiba.

Nikafunga laptopu. Miezi iliyofuata siisemi, haina kitu.

Kilichonirudisha ni intaneti mbovu. Yaani kweli. Siku hiyo mtandao wangu ulikuwa unasuasua kiasi kwamba kila nikijaribu kurushwa sehemu nyingine inakwama njiani, nikasema basi leo natembea kwa miguu nilipo. Nilikuwa kwenye bara moja humo linaitwa Heterocera, jina la kundi la wadudu, wale vipepeo wa usiku, na ukifungua ramani utaona maeneo yake yamepewa majina ya vipepeo hao. Kila eneo ni mraba wa mita 256 kwa mita 256, unavuka moja unaingia lingine, na unapovuka unausikia mpaka, kuna kamshtuko kadogo kama gari limepita kwenye tuta. Nikakuta reli. Nikaifuata.

Reli ile jamani. Inapita nyuma ya nyumba za watu, kwenye madaraja, kwenye mahandaki, inapanda mlima. Nikafika kituo kidogo, benchi la mbao, taa moja, na ukutani mwavuli umetundikwa. Nikakaa. Avata yangu ikakunja nne yenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue akaunti nikasubiri, na vile vitu vya kijivu vikamaliza kufunguka mpaka mwisho, nikaona kwamba ule mwavuli una kiraka. Kiraka! Mtu huko alikokaa kahangaika kutengeneza mwavuli ambao hakuna atakayeutumia, alafu akauwekea kiraka cha rangi tofauti kidogo. Nikavuta kamera karibu, unabana kitufe cha Alt na kusogeza kipanya, nikahesabu hadi nyuzi. Jua likazama. Siku ya kawaida humo ni saa nne tu, tatu mchana na moja usiku, kwa hiyo ukitulia kidogo unaona machweo na mapambazuko ukiwa hapo hapo. Treni ikaja yenyewe, haina dereva, nikaikosa maana nilikuwa naangalia mwavuli.

Hiyo ndiyo siku nimekuwa mtalii. Zile arobaini sizihesabu.

Sasa ushauri wangu wa kwanza ni huo: kaa. Ukifika sehemu usiguse kitu dakika tano, acha ifunguke. Kama kompyuta yako inalia punguza grafiksi na ushushe umbali wa kuona mpaka mita 128 au hata chini ya hapo, bora kuona karibu vizuri kuliko kuona mbali ukungu. Wa pili ni kwamba usiruke juu ya nyumba za watu. Wa tatu kaa tena.

Kuhusu milingoti, ndugu yangu uliyeniandikia, wale watu sio kwamba wanakudharau. Ukiona mtu kainamisha kichwa ujue mwenye avata kaondoka kwenye kompyuta yake, kaenda kupika au kulala. Na saa za humo zinafuata saa za California, wenyeji wengi wako Marekani na Ulaya, we ukiingia muda ambao kwao ni alfajiri utawakuta wapi? Mwenyeji hakeshi kwa ajili yako. Badilisha muda, jaribu wikendi, alafu salimia. Andika salamu fupi, sema we ni mgeni unatembea. Nimesalimia watu labda mia mbili, walionijibu vibaya hawazidi watano, na mmoja alikuja kuniomba radhi.

Na uvae kistaarabu jamani. Kuna mji mmoja umejengwa kama Berlin ya miaka ya 1920, vichochoro, baa, vyumba vya kupanga vyenye baridi hata kwa macho, na sharti la kuingia ni uvae mavazi ya enzi hizo. Mi niliingia na jinzi na miwani ya jua. Mtu akaniandikia kwa upole kabisa kwamba ningebadilisha. Nilinuna kidogo, nikabadilisha, na dakika kumi baadae nikaelewa, maana wote mnavaa koti refu na kofia na ghafla ule mtaa unakuwa wa kweli na we mwenyewe umo ndani yake. Mgeni anayekataa sharti la mwenyeji anaangalia picha tu, hata kama amesafiri.

Haya yote nimeyajua kwa sababu ya bibi mmoja. Namwita bibi, sijui umri wake wala alipo. Nyumba yake ilikuwa kando ya ile reli, bustani imejaa waridi, na siku nilipopita kwa mguu alikuwa anazipanga moja moja. Nikasimama. Akaandika: "Wageni wote wanapita juu, wewe una miguu." Tukachati mpaka kwangu kukakucha. Ndiye aliyenipeleka Da Boom, eneo la kwanza kabisa la dunia ile, kama vile mtu anavyompeleka mgeni kwenye kaburi la mwanzilishi wa kijiji. Pamekaa kawaida tu, ukipita bila kuambiwa hujui. Akanionyesha mipaka ya yale maeneo ya mwanzo, yamepewa majina ya vichochoro vya San Francisco ambako kampuni ilianzia. Akanifundisha kuandika shajara. Kila sehemu ninayokwenda nihifadhi alama yake na niandike mistari mitatu, nimeona nini, nani amejenga, nirudi au nisirudi.

Nina mistari ya sehemu 212 sa hivi. Sijisifu ila kwa kweli najisifu. Nimevuka Heterocera nzima kwa reli na kwa miguu, nimepiga mbizi kwenye bahari yake, nimeongoza kundi la watalii kumi na moja waliojiandikisha ambapo walitokea wawili na mmoja akaanguka darajani tukamtafuta nusu saa. Nimetoka pia nikaenda kwingine. VRChat, dunia nyingine ya mtandaoni, nimeingia bila ile miwani ya kuvaa usoni, kompyuta ya kawaida inatosha, ila huko watu wanaongea kwa maiki wote kwa pamoja, uzime sauti za watu kwanza ukifika. Na kwenye Minecraft, ile gemu ya kujenga kwa matofali ambayo nilidhani ni ya watoto, kuna maktaba ilifunguliwa Machi 2020 na shirika la Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka. Ni jengo la nguzo kubwa kubwa kama ikulu ya kale, na ndani kuna vitabu vyenye makala zilizozuiwa kwenye nchi za waandishi wenyewe. Walianza na nchi tano, Misri, Meksiko, Urusi, Saudi Arabia na Vietnam. Wazo lao ni kwamba tovuti ya habari inaweza kufungiwa ila gemu inaachwa. Nilisimama mbele ya kitabu cha Jamal Khashoggi, yule mwandishi wa habari wa Saudi Arabia aliyeuawa, nikakifungua, nikakisoma nimesimama kwa sababu nilisahau kwamba naweza kukaa. Makumbusho ngapi za matofali ya kweli zimenifanya hivyo? Chache sana.

Ila sasa nifike kwenye kinachoniuma, maana sitaki muone nimeandika haya kwa majivuno matupu.

Mwaka jana nilirudi kwa bibi. Nilikuwa sijapita miezi kama saba, si unajua, unasema nitapita, nitapita. Nikashuka kituo kile cha mwavuli nikatembea. Kiwanja cheupe. Nyasi tu, zile nyasi za mwanzo ambazo kila kiwanja kinakuwa nazo kabla mtu hajagusa. Hamna waridi, hamna nyumba. Humo ardhi inalipiwa kila mwezi, ukiacha kulipa inaondoka na ulichojenga juu yake kinaondolewa. Sijui kama amechoka, amehama au ndio vile. Nikamtumia ujumbe, haujajibiwa mpaka leo. Na mimi mtalii hodari wa sehemu 212 sina hata skrinshoti moja ya ile bustani. Nina mistari mitatu: "Waridi nyingi. Amejenga mwenyewe. Nirudi."

Kwa hiyo mnaponiona nasisitiza piga picha, piga picha, salimia, rudi, msidhani ni maneno ya kujazia ukurasa. Dunia hizi hazina mawe. Mwaka 2007 Maldivi na Sweden zilifungua balozi ndani ya Second Life, mawaziri wakazizindua, magazeti yakaandika, watu wakasema ndio mwanzo. Ule wa Sweden umeshafungwa zamani, huwezi kuukuta hata ukienda na taa. Serikali nzima! Sembuse bibi na waridi zake. Piramidi utaikuta hata ukichelewa miaka kumi. Huku ukichelewa miezi saba umechelewa, na we unapoteza usiku mzima kuruka sehemu arobaini ili useme umefika? Umefika wapi? Punguza mwendo. Nenda sehemu moja kwa usiku mmoja, mbili zikizidi sana, kaa mpaka vifunguke, soma kile kikaratasi cha maelezo ambacho mjenzi amekiweka mlangoni, mwandikie mjenzi umeipenda kazi yake. Kama kuna chombo cha michango weka hata kidogo, ndiyo kodi yake ya mwezi hiyo. Alafu kaa tena.

Yule msomaji nimemjibu jana. Sikumpasha. Nimemtumia alama ya kile kituo kwenye reli, nikamwambia akae kwenye benchi dakika ishirini, aangalie ukutani, na nikamuomba apige picha ya mwavuli kwa kuwa sina uhakika kama picha yangu ya mwisho imehifadhiwa vizuri. Naona ameshasoma. Hajajibu bado.