Unataka Kugombea kwa Chama cha Katikati? Nisikilize Kwanza

Juzi kijana mmoja wa Lamu aliniandikia. Amechoshwa na mirengo miwili mikubwa ya siasa za Kenya, anataka kuwania uwakilishi wadi 2027 kupitia chama cha msimamo wa kati. "Kaka, inawezekana?" Nilimjibu, lakini najua wako wengi wenye hamu hiyo hiyo, hasa huku Pwani, kwa hiyo nayaandika hapa.

Inawezekana. Huko kwao Lamu, Issa Timamy alishinda ugavana 2013 kwa tiketi ya UDF (United Democratic Forum) na akarudi 2022 kwa ANC (Amani National Congress), ambavyo kitaifa havikuwa vyama vikubwa. Lakini ANC ilikuwa tayari ndani ya Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, na mwaka 2025 ikavunjwa ikaingia UDA, chama chake Ruto. Kiongozi yupo, chama hakipo. Jiulize kwanza hapo: unajenga jina lako au unajenga chama?

Mimi niligombea hapa Malindi 2022. Chama chetu sikitaji. Tulikuwa na maneno mazuri na niliyaamini: hatimiliki kwa wanaoishi kwenye ardhi miaka mingi bila karatasi, maji mitaani, vifaa vya wavuvi. Vikao vilijaa. Kisha, kila nilipomaliza kuongea, mzee mmoja angeinua mkono: "Mwanangu, umesema vyema. Sasa kura ya urais twampa nani?"

Makao makuu Nairobi walituagiza tujibu kwamba kila mtu na dhamiri yake. Nenda kalijibu hilo Maweni au Barani uone! Siku hiyo moja mpiga kura ana karatasi sita mkononi, wenzako wanaimba "suti", kura zote chama kimoja, na wewe unamwambia aamue mwenyewe. Urais ndio unaovuta karatasi nyingine tano. Mwaka huo Ruto alipata asilimia 50.49, Raila 48.85. Wagombea wengine wawili, kwa pamoja, hawakufika hata asilimia moja. Humo ndimo tulimosimama sisi.

Mwishowe viongozi wetu walitia saini na mrengo mmoja. Mimi niliyekuwa nikitembea jua kali nikinadi chama nilisikia redioni kama watu wengine. Kesho yake sokoni nikaulizwa nimelipwa ngapi. Sikulipwa kitu, na mpaka leo swali lile linaniuma kuliko kushindwa kwenyewe.

Muungano si dhambi. Katiba inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, kwa hiyo vyama vitatafutana tu. La muhimu ni unaingia na nini mkononi. Liberal Democrats wa Uingereza waliingia serikalini 2010 wakiwa na wabunge 57. Walikuwa wameahidi kupinga nyongeza ya karo ya vyuo vikuu, kisha karo ikapanda wakiwa serikalini. Mwaka 2015 walibaki na wabunge 8. Walikuja kufika 72 mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya kujijenga upya, wakitia nguvu zao kwenye majimbo waliyoweza kushinda.

Kwa hiyo ndugu yangu, uwe na msimamo. Katikati si mahali pa kunyamaza. Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua 2018 wavuvi wa Lamu wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari mpya, kesi hiyo ilikuwa imefunguliwa na wakazi wenyewe, si na chama chochote. Chama kinachojiita cha wananchi kilipaswa kuwa pale tangu siku ya kwanza, kikiwaudhi wakubwa wa pande zote mbili. Watu wa kwetu hawachukii chama kidogo. Wanachukia chama kisichojulikana kinasimamia nini. Msimamo, narudia.

Na kabla hujalipa ada ya uteuzi, omba katiba ya chama uisome kifungu cha miungano. Kama kiongozi anaweza kutia saini peke yake bila kuwauliza wagombea na matawi, usiingie. Kama kimeandikwa kwamba lazima mkutano wa wajumbe ukubali, na masharti yatangazwe hadharani, basi nipigie simu. Nitavuka nije nikufanyie kampeni, Mkomani hadi Langoni, kwa nauli yangu mwenyewe.