Winga nimeambiwa nicheze namba mbili, nikubali?

Swali: Kocha, shikamoo. Nina miaka 24, nacheza winga wa kulia Ligi ya Championship hapa Tanzania. Kocha mpya anataka nirudi nyuma, nicheze namba mbili, yaani beki wa kulia. Kasi na pumzi ninazo, ila mabeki wameshanijua na msimu huu sijafunga. Naogopa nikishaitwa beki ndiyo basi tena. Kitaalamu, nikubali au nitafute timu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujatafuta timu, mtazame Antonio Valencia wa Ecuador.

Manchester United walimchukua kutoka Wigan mwaka 2009, dirisha lile lile Ronaldo alipouzwa Real Madrid. Msimu wa 2011/12 akawa mchezaji bora wa klabu, akakabidhiwa jezi namba 7, na hapo mambo yakagoma. Baada ya msimu mmoja akairudisha, akavaa tena 25. Mabeki walishamsoma: mguu wa kulia tu, hakati ndani, chenga yake ni kuusukuma mpira mbele na kuukimbilia. Ukimziba njia ya kwenye chaki, yaani mstari wa pembeni, kazi imekwisha.

Kocha Louis van Gaal alipofika 2014 akaanza kumrudisha nyuma, na José Mourinho akaendelea naye hapo hapo. Angalia kilichobadilika. Winga mara nyingi anapokea mpira amesimama, goli liko mgongoni na beki anampumulia kisogoni. Namba mbili uwanja wote uko mbele ya macho yake. Akipanda, anafika akiwa tayari kwenye mbio, na winga wake ameshaingia ndani na kuondoka na beki. Valencia hakujifunza chenga mpya. Nafasi mpya ilimfichia alichokosa. Fainali ya Europa League ya 2017 dhidi ya Ajax aliianza na kitambaa cha unahodha mkononi. Aliondoka United mwaka 2019. Kwa maoni yangu, angebaki winga asingedumu miaka yote hiyo.

Kwa hiyo jiulize: namba mbili itakuficha wapi, na itakuanika wapi?

Kukuanika, itakuanika nguzo ya mbali, yaani mwimo wa goli ulio mbali na mpigaji krosi. Krosi inapotoka upande wa kushoto kwenu, winga aliyegeuzwa beki anaukodolea macho mpira, maana ndivyo alivyozoea. Mtu anapita nyuma yake taratibu, anafunga kwa kichwa bila hata kuruka. Dawa ni mkao. Simama upandeupande, umwone mpigaji na umwone mtu wako, na geuza shingo kabla krosi haijapigwa. Ikishakuwa hewani umechelewa. Halafu kuna mstari wa kuotea: ukijisahau ukabaki hatua moja nyuma, mshambuliaji wao haotei tena, na umeharibu kazi ya mabeki wenzako wote.

Usijidanganye kwamba kasi itafuta kila kosa. Alphonso Davies aligeuzwa beki wa kushoto Bayern msimu wa 2019/20 akiwa bado kijana mdogo, na msimu huo huo wakabeba Ligi ya Mabingwa. Mara nyingi alipokosea mkao, mbio zilimwokoa. Lakini yeye anakimbilia kwenye zulia; viwanja vyetu vingine mbio hizo zinaishia kwenye dimbwi.

Ninachokihofia zaidi kwako ni kugeuzwa kiraka: leo namba mbili, kesho saba, keshokutwa benchi. Erasto Nyoni wa Taifa Stars aliuweza ukiraka, akacheza beki wa pembeni, beki wa kati hadi kiungo, na akaheshimika. Wengi hawauwezi, na mkataba mpya ukifika wanahesabiwa kama akiba.

Mimi ningekubali, kwa sharti moja: kocha akuache namba mbili mfululizo, hata ukiharibu mechi mbili za mwanzo. Kwenye mechi za kirafiki mpe mtu simu akurekodi wewe, asiufuate mpira. Ukikaa kuitazama video hiyo, usihesabu krosi ulizopiga. Hesabu mara ulizogeuza shingo.