Kumpeleka mama kwenye meli ya mto Danube: majibu ya aliyekwisha kusafiri

Umeuliza kama mama mwenye umri wa miaka 70, anayetembelea mkongojo kwa sababu ya magoti, anaweza kufurahia wiki moja kwenye meli ya mto huku Ulaya, au kama zitakuwa fedha nyingi za kumchosha tu. Tena umeuliza uchague mto Rhine au Danube. Mimi nilisafiri na mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 71, mwezi wa Septemba, kutoka Passau, Ujerumani, hadi Budapest, Hungaria, na kurudi, usiku saba. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona, pamoja na kosa moja nililolifanya ambalo nisingependa ulirudie.

Anaweza, na kwa maoni yangu meli ya mto inamfaa mtu wa magoti kuliko ziara ya basi. Mizigo hufunguliwa mara moja na kufungwa mara moja, kitanda ni kilekile wiki nzima, na miji ndiyo inayomjia yeye. Mawimbi hayapo. Mama yangu, ambaye roho humchafuka kila anapovuka kwa boti kwenda Unguja, hakuhisi lolote, na usiku wa kwanza aliniuliza mara mbili kama kweli tumeshaondoka.

Lakini usidhani kwamba meli yoyote itafaa. Nyingi zimejengwa nyembamba na ndefu, mita 135 kwa upana wa mita 11 na kitu, ili ziweze kupita pia katika mfereji uliofunguliwa mwaka 1992 kuunganisha mto Main na Danube, na kwa hiyo nafasi ya ndani hubanwa. Lifti, kama ipo, mara nyingi huhudumia sakafu mbili tu, wala haifiki kwenye vyumba vya chini kabisa wala kwenye sitaha ya juu. Mwulize wakala kwa maandishi: lifti inaanzia wapi na kuishia wapi, bafu lina kizingiti cha kuruka au halina, na dirisha linafunguka au halifunguki. Sisi tuliuziwa chumba cha chini kwa maelezo kwamba kina dirisha, na dirisha lilikuwepo kweli, ila lilikuwa juu ya vichwa vyetu, halifunguki, na maji yalikuwa karibu yaliguse. Niliongeza fedha tukahamia sakafu ya kati, na katika safari nzima sijutii fedha hizo hata kidogo. Jua pia kwamba kwenye gati zenye msongamano meli hufungwa ubavu kwa ubavu, hata mbili au tatu, kiasi kwamba unafungua pazia asubuhi ukatazamana na chumba cha watu wengine, na ili kufika nchi kavu unapita ndani ya meli ya jirani. Kwa mwenye mkongojo, kila kivukio cha kuingia na kutoka ni jambo la kufikiriwa.

Kuhusu viza nitasema kwa kifupi. Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria zote zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo kwa njia hii viza moja inatosha. Maombi hupelekwa ubalozi wa nchi ambako msafiri atakaa siku nyingi zaidi; kwa kuwa mama alikuja kukaa kwangu Nürnberg kwanza, tulikwenda ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya matibabu ni lazima iwe ya yuro 30,000 au zaidi, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mimi nilisaini huku hati ya kujifunga kisheria kubeba gharama zake zote. Ukichagua meli inayoendelea hadi Belgrade, kumbuka kwamba Serbia iko nje ya Schengen, na mtu akitoka lazima awe na viza inayomruhusu kuingia tena.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike kwa urefu. Mama yangu amezaliwa na kukulia Pangani, kwenye mlango wa mto, pale watu wanapovuka kwa pantoni kwenda Bweni. Babu yangu alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi. Mimi niliyaona haya yote kama habari za nyumbani zisizohusiana na safari, nikajiandaa kuwa mwongozaji wake: nilisoma vitabu, nikaandika majina ya wafalme na miaka ya makanisa. Jioni ya kwanza, tukiwa bado gatini Passau, mahali ambapo mito ya Inn na Ilz inaingia Danube, alitazama ukuta wa kingo kwa muda mrefu kisha akauliza, "Maji haya yanakupwa saa ngapi?" Nilimjibu kwamba hayakupwi wala hayajai, kwa sababu bahari iko mbali zaidi ya kilomita 2,200, yanapanda theluji inapoyeyuka milimani na mvua inaponyesha. Akataka kuonyeshwa yanapandia wapi. Nikampeleka kwenye jengo la halmashauri ya mji, ambako alama za mafuriko zimechorwa ukutani, na ile ya Juni 2013, maji yalipofika mita 12.89, iko juu sana ya kichwa cha mtu mzima. Hayakuwa yamepanda hivyo tangu mwaka 1501. Alisimama chini ya alama hiyo akauliza watoto walipelekwa wapi, na nyumba zilikaushwa kwa muda gani. Hakuna kitabu changu kilichokuwa na jibu.

Kesho yake aligundua vibao vyenye nambari kando ya mto. Danube huhesabiwa kilomita kutoka mlangoni kwake, Sulina kwenye Bahari Nyeusi, kwenda juu. Passau iko karibu na kilomita 2,226, Vienna 1,929, Budapest 1,647. Nilipomfafanulia, alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. "Hawa wanaujua mto," alisema, "wameanza kuuhesabu mahali unapomaliza kazi yake." Tangu hapo alikaa na daftari dogo akiandika nambari na alichokiona karibu nazo: ndege aina ya korongo, mashua ya mchanga, mtu anayevua peke yake.

Kati ya Passau na Budapest kuna malango 11 ya kushusha na kupandisha meli, mahali palipojengwa mabwawa ya umeme. Meli huingia katika chumba kirefu cha zege, lango hufungwa nyuma, maji hutolewa au huongezwa, na meli hushuka au hupanda kimyakimya hadi ilingane na upande wa pili. Kubwa kuliko yote ni la Gabčíkovo, Slovakia, lililoanza kazi mwaka 1992, ambapo tofauti ya maji ni karibu mita 20. Tulilipita usiku, na mama aliniagiza nimwamshe. Tulisimama sitaha ya chini, yeye kajifunga khanga juu ya koti, tukatazama ukuta wenye majimaji ukirefuka mbele yetu hadi nyota zikabaki ufito mwembamba juu. Niliogopa kidogo, yeye aliuliza tu nani analipa umeme ukikosekana na mto ukajaa. Nakushauri usiache mama yako alale wakati huo.

Kosa langu nililifanya Vienna. Nilikuwa nimenunua ziara ya siku nzima: asubuhi kasri la Schönbrunn, mchana mji wa kale kwa miguu hadi kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, usiku muziki. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya wazee, ninajua goti lililovimba linavyouma, na bado nilimwendesha mama juu ya mawe ya barabarani kwa saa nane kwa sababu nilikuwa nimelipa na nilitaka aone kila kitu. Hakulalamika. Mama zetu hawalalamiki mbele ya mtoto aliyejitolea, na hilo ndilo linaloifanya hatari hii ifichike. Niliporudi kutoka kuchukua chai nilimkuta ameketi kitandani akijisugua mafuta ya karafuu, goti limekuwa kubwa mara mbili ya jingine. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwanangu, umenileta kuona au umenileta kumaliza?"

Baada ya hapo nilifuta ziara zote zilizobaki. Budapest tulipanda tramu namba 2, inayofuata kingo ya mto upande wa Pest, tukakaa kwenye viti kuanzia mwanzo hadi mwisho na kurudi, na upande wote wa Buda, ng'ambo ya pili ya mto, ukapita dirishani pasipo mtu kupanda ngazi. Tulishuka mahali pamoja tu, karibu na jengo la bunge, penye viatu vya chuma vilivyopangwa ukingoni, jozi 60, vilivyowekwa mwaka 2005 kuwakumbuka Wayahudi waliopigwa risasi na kutupwa mtoni majira ya baridi ya 1944 na 1945, baada ya kuamriwa wavue viatu. Mama alisimama pale muda mrefu kuliko mahali popote katika safari. Aliomba dua kwa sauti ya chini, kisha akasema kwamba hata mto wa kwao umebeba watu wasiotaka kwenda, maana misafara ya watumwa kutoka bara iliishia Pangani kabla ya kuvushwa baharini. Nimemjua mama yangu maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia akilisema hilo.

Siku niliyoipenda zaidi ilikuwa wakati wa kurudi, kati ya Krems na Melk huko Austria, bonde wanaloliita Wachau. Hapo mto haukuzuiwa na bwawa. Unakimbia wenyewe kwa kilomita 36 hivi, na meli inayopanda hulazimika kushindana nao, kwa hiyo inakwenda polepole kwa saa tatu nzima. Watu walikuwa wakivuna zabibu kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe makavu, na mama aliyafananisha na matuta ya Lushoto. Mwongozaji alieleza kwa kipaza sauti kwamba ngome iliyobomoka juu ya mji mdogo wa Dürnstein ndiyo alimofungwa Richard, mfalme wa Uingereza, mwishoni mwa mwaka 1192. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa, akaendelea na habari yake mwenyewe: jinsi babu alivyomvusha mwanamke mwenye uchungu usiku wa mvua kubwa, mto ukiwa umejaa magogo, na mtoto akazaliwa kabla mtumbwi haujagusa mchanga, na kwamba mtoto huyo ndiye yule mzee ambaye sisi tulimjua utotoni kama fundi baiskeli. Saa tatu hizo alizungumza na mimi nikanyamaza.

Kuhusu chakula, usingoje hadi mkae mezani. Nyama ya nguruwe imo katika vyakula vingi vya njia hii, hata kwenye supu na maandazi ya unga yanayoonekana salama. Niliandika wiki sita kabla, na mpishi alimtengenezea mama samaki wa mtoni na mboga kila siku. Achari ya embe aliyokuja nayo ilisaidia sana, na mhudumu mmoja aliizoea. Swala aliisalia chumbani akiwa ameketi. Kwa kuwa mto unajipinda, mahali kama Schlögen meli hugeuka karibu kabisa, alijifunza kuuliza mapokezi meli inaelekea wapi kabla ya kuhirimia.

Bei unayoionyesha katika swali lako huenda haijahesabu vinywaji, ziara, na bahashishi ambayo meli nyingi huiongeza kwenye bili kwa kila siku. Uliza jumla yake mapema. Ziara usinunue zote nyumbani. Nunua moja, uone magoti yanasemaje.

Baina ya mito miwili, Rhine ni nzuri, hasa kati ya Bingen na Koblenz ambako ngome zimefuatana kila kona, lakini reli zimepita kingo zote mbili na kelele za treni za mizigo hazikomi usiku. Kwa mtu anayependa kukaa na kutazama maji, mimi ningechagua Danube. Mwezi wa Mei au Juni una jua refu na maji mengi, pengine mengi mno, na hapo meli inaweza kushindwa kupita chini ya madaraja. Mwisho wa kiangazi maji hupungua, na katika miaka mikavu kama 2018 na 2022 wasafiri walibebwa kwa mabasi sehemu za njia. Soma mkataba unasema nini kuhusu hali hiyo, kwa sababu siku mbili za basi ndizo hasa unazomkwepesha mama yako.

Nilimsimulia mama juzi kwa simu kwamba kuna mtu anauliza, naye akaniagiza nikufikishie mambo mawili: mama yako avae viatu alivyokwisha kuvizoea, na meli ikiondoka Krems kupanda, umkalishe upande wa kulia, kwa sababu Dürnstein na mnara wake wa buluu huja upande huo.