Mkanda wa polepole au video ya polepole?

Swali: Nina kaseti za VHS za harusi ya dada, nataka zihamishiwe kwenye flashi. Nyingine zimeandikwa SP, nyingine LP. Nilimwambia fundi, "Hizi za LP ni video za polepole," akacheka. Nilikosea wapi? Na ni "kasi polepole" au "kasi ndogo"?

Jibu: Fundi alicheka kwa sababu video ya polepole ni ile ya mpira: goli linarudiwa, kipa anaelea hewani kama yuko majini. Kwenye harusi ya dada yako watu wanacheza mwendo wao wa kawaida. Kilichokwenda polepole ni mkanda ndani ya deki: SP (Standard Play) ni mwendo wake wa kawaida, LP (Long Play) ni ule wa polepole. Sema "imerekodiwa kwa mwendo wa polepole". Hilo "imerekodiwa" ndilo linalokuokoa.

"Kasi polepole" achana nayo. Kasi peke yake ina wepesi na nguvu ndani yake: maji yanakwenda kasi, na Dar es Salaam basi zima limeitwa mwendokasi. "Kasi ndogo" inafaa panapotajwa kipimo. Kwenye PAL, mfumo wa televisheni uliotumika kwetu, SP hupitisha mkanda milimita 23.39 kwa sekunde, LP nusu yake. Ndiyo maana kaseti ya E-180, yaani ya dakika 180, hubeba saa 3 kwa SP na saa 6 kwa LP. Wapo wanaoiita LP "mkanda mrefu", nao wanakosea: mkanda ni ule ule, kilichorefuka ni muda. Mkanda mrefu ni E-240.

Muda huo haukupatikana bure. Mkanda ukienda polepole, mistari ya picha hubanana, kila mmoja huwa mwembamba, na vichwa vya deki, vile vinavyosoma mkanda, huambulia mawimbi dhaifu. Hapo huingia chenga. Nalipenda neno hili, lile lile la mchele uliovunjika, kuliko "kelele za picha" ya watafsiri. Tazama LP iliyochakaa: utadhani mtu anamwaga chenga juu ya shela la bibi harusi. Sauti nayo hufifia, hasa zile s na sh.

Kabla hujamwachia fundi kaseti, muulize kama deki yake inasoma LP. Kama haisomi, mkanda utapita mara mbili ya mwendo wake, picha zitakatika na wazee watazungumza kama vifaranga. Hapo sema "kasi" upendavyo.