Maswali yenu: taamuli, presha na moyo

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu taamuli, ile kukaa kimya na kutuliza mawazo. (Wengine huiita tahajudi. Waislamu mniwie radhi, najua kwenu hiyo ni sala ya usiku.)

Nina miaka 58, natumia dawa ya presha mwaka wa nne sasa. Binti yangu alinifundisha taamuli, na baada ya wiki tatu nimeshuka kutoka 152/94 hadi 136/84. Niache vidonge? – Mama, Morogoro

Hapana, mama yangu. Hiyo 136 ni kazi ya vidonge na utulivu kwa pamoja, na anayebeba mzigo mkubwa hapo ni kidonge. Katika tafiti, taamuli hushusha namba ya juu kwa pointi chache. Ukipata tano umefaulu. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilizipitia tafiti hizo, kikaona taamuli inaweza kuongezwa juu ya tiba ya kawaida, si kushika nafasi yake.

Tena nina mashaka na ile 152. Uliipimaje? Watu hupima wametoka sokoni, mkono unaning'inia, mdomo unaendelea na stori. Wakimaliza taamuli wanapima tena wakiwa wametulia, sifa zote zinakwenda kwa taamuli. Kaa kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo, usizungumze, na iwe imepita nusu saa tangu unywe kahawa. Andika vipimo vya asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kisha daftari hilo ulipeleke kliniki. Habari ya kupunguza dozi itazungumzwa huko.

Naogopa kuingia katika ibada za watu. Tasbihi yangu haitoshi? – Mzee mstaafu, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Kuna watafiti wa Italia waliolikaribia sana swali lako. Kazi yao ilitoka katika jarida la BMJ mwaka 2001: watu wazima 23 wenye afya walisali rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine wakarudia mantra ya yoga, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa. Zote mbili zilipunguza pumzi hadi karibu sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Kwa mwendo huo, vihisi vya presha vilivyomo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua vilikuwa vyepesi zaidi kurekebisha mapigo ya moyo.

Kipimo kilikuwa cha papo hapo, hakisemi lolote kuhusu presha ya kesho. Tasbihi hawakuigusa, ila mapafu hayaulizi dini. Cha kuangalia ni mwendo: punje zikikimbizwa ili uwahi basi, pumzi nayo inakimbia. Vuta kwa sekunde nne, toa kwa sita, dakika kumi hivi. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Nimesoma kwamba taamuli inapunguza mshtuko wa moyo kwa nusu. Kweli? – Mwalimu, Kisumu

Chanzo ni utafiti wa Milwaukee, Marekani, uliochapishwa 2012. Wamarekani weusi 201 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo waligawanywa: kundi moja lilifundishwa taamuli, jingine likapewa masomo ya afya. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka mitano na ushei. Ukijumlisha vifo, mshtuko wa moyo na kiharusi, kundi la taamuli lilikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 48.

Namba tamu. Lakini watu 201 ni wachache, na baadhi ya watafiti walitoka chuo kinachofundisha taamuli hiyohiyo. Muuza maembe akikwambia maembe yake matamu huenda asiwe mwongo, ila huachi kuonja. Na wote hao waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Hilo wanaosambaza habari hii huliruka.

Nikifumba macho moyo unadunda kwa hofu. Nakosea wapi? – Dada, Mbezi

Hukosei, wapo wanaopatwa na hali hiyo. Acha macho wazi, au tembea taratibu ukihesabu hatua. Lakini kikiwa ni kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya na jasho la baridi linakutoka, usikae kuhesabu pumzi. Mwite mtu akupeleke hospitali saa hiyohiyo.