Shangazi, askari aliniuliza kwa nini nilijipiga picha

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23, nauza mitumba Mwanjelwa, Mbeya, kwetu ni Tukuyu. Niliachana na mwenzangu mwezi wa tatu. Tangu hapo kila usiku ananitumia meseji: nisipompa laki tatu ataziweka picha zangu za faragha kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Nimeshatuma elfu themanini. Juzi nilikwenda kituoni. Askari wa zamu akasema, “Lete simu tuone hizo picha.” Akaangalia, akamwita na mwenzake. Kisha akaniuliza, “Sasa wewe kwa nini ulijipiga?” Nilichukua simu yangu nikatoka, sikuandikisha chochote. Kwenye daladala nikafuta meseji nyingi kwa hasira. Nirudi, au nimalizie hiyo hela yaishe?
Binti wa Tukuyu

Marahaba mwanangu, pole sana. Hela usitume tena, hata mia. Ile elfu themanini haikumtuliza, ilimwonyesha kuwa ukibanwa unatoa.

Nilivaa sare ya polisi miaka 26, sita ya mwisho kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, hukuhuku nyanda za juu. Ile kaunta naijua. Maelezo ya mlalamikaji yanaanza na jina, umri, kabila, kazi na unapoishi, kisha yanakuja yaliyotokea: nani, lini, kwa njia gani. Hakuna mstari wa “kwa nini ulijipiga”. Askari aliyekuuliza hivyo hakuwa anapeleleza, alikuwa anakuhukumu.

Nami niliwahi kuliuliza swali hilo, mwaka wangu wa kwanza dawatini. Binti mmoja mwenye sweta la kijani alikuwa ameshika kikaratasi, anakikunja na kukikunjua. Nilipomuuliza, alikiweka kaunta akaondoka bila neno. Nilikikunjua baadaye: namba nne za miamala, tarehe, na kiasi alichotuma kila mara, vimeandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko uliotulia. Ushahidi alikuwa ameuleta mwenyewe, nami sikuuomba. Hakurudi. Tangu siku hiyo sikumuuliza mtu tena swali hilo, na wadogo zangu wa kazi niliwakataza kwa ukali.

Kwa hiyo rudi, lakini safari hii shtaki vitisho. Watu wengi hudhani kosa ni mpaka picha zisambae. Sivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha au kumtesa kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Kosa lilitimia usiku ule wa meseji ya kwanza. Kutaka pesa kwa vitisho nako ni jinai. Kwa sababu hiyo askari hahitaji kuziona picha zako ndipo aandike maelezo. Anahitaji meseji, namba na saa. Akisema ulete aone, mwambie kwa adabu: “Afande, nimekuja kushtaki vitisho, meseji hizi hapa.”

Meseji ulizofuta zisikuvunje moyo. Zilizobaki zipige skrinishoti, na hakikisha namba inaonekana, maana jina ulilolihifadhi wewe halithibitishi kitu. Meseji za miamala ni dhahabu: laini siku hizi husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba iliyopokea elfu themanini ina mwenyewe. Ukiwa umezifuta nazo, omba taarifa ya miamala kwenye duka la kampuni ya simu yako. Ila nakusihi, simu usimpelekee fundi wa simu wa pale Kabwe akurudishie vilivyofutwa. Ataona yasiyomhusu, na upande wa pili utadai mahakamani kwamba simu imechezewa. Itunze ilivyo.

Ukifika kituoni usisimame kaunta kueleza, ulizia dawati moja kwa moja na uombe askari wa kike. Nenda na mtu, hata shoga yako wa kibandani. Wakikuandikia, omba usomewe maelezo kabla ya kusaini, na usitoke bila namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako kituoni. Wakikukwamisha, muone mkuu wa kituo. Naye akikukwamisha, nenda kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Huko siyo kumchongea mtu. Na wale wawili walioangalia picha zako, wataje.

Jambo moja zaidi, lifanye leo usiku. Kuna huduma ya bure ya StopNCII.org kwa watu wa miaka 18 na zaidi. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako, inatengenezewa alama ya kidijitali, na mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook na Instagram, huitumia alama hiyo kuizuia isipandishwe. Grupu la ukoo halitalindwa na hilo. Kwa huko, mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, mama mdogo au shangazi wa damu, umwambie kabla yule hajasema. Najua ni mzigo mzito kuufungua, lakini tishio lake linategemea wewe kunyamaza.

Shangazi, wavulana wa darasa la binti yangu (miaka 15, tupo Iringa) wametengeneza picha ya uchi kwa kutumia sura yake. Nataka kuirusha kwenye grupu la wazazi ili wajue watoto wao.
Mama wa kidato cha pili

Mama, usiirushe! Uchungu wako naujua, lakini sheria hiyohiyo ya Makosa ya Mtandao, kifungu cha 13, inakataza kusambaza ponografia ya mtoto, hata iliyotengenezwa, na kila anayeirusha anaweza kushtakiwa. Usimrushie hata mwalimu mkuu. Mfuate ofisini, mweleze kwa mdomo, kisha mwende dawatini pamoja na simu iliyopokea picha. Ukitaka ushauri kwanza, piga 116, ni bure, ni namba ya kusaidia watoto. Na usiku wa leo lala chumba kimoja na binti yako.