Swali la lugha: "Dawa ya protini" inazibua nini?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu dawa za protini zinazopunguza kolesteroli iliyoganda kwenye ateri. Mhariri anataka niandike "dawa ya protini inayozibua mishipa". Sentensi hiyo inanikera, lakini nashindwa kueleza kwa nini. Pia, niandike kolesteroli au lehemu?

JIBU: Sikio lako liko sawa. Mtego wa kwanza umejificha kwenye "ya". Tunasema dawa ya mbu, na mbu hufa. Tunasema dawa ya mitishamba, na mitishamba ndiyo iliyosagwa humo. Dawa ya meno ni ya kuyatunza meno. Kiunganifu ni hicho hicho, na msomaji huchagua maana kwa kuwa anaijua dawa yenyewe. Hii haijui. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba mkojo wake una protini atadhani imepatikana dawa ya kumwondolea protini hiyo, na mwingine atafikiri ni lishe. Andika "dawa iliyotengenezwa kwa protini".

"Kuzibua" ndiko kunakonisumbua zaidi. Tunazibua bomba, mfereji, au sikio lililojaa nta: kitu kimekaa njiani, tunakitoa. Plaki, yaani hiyo kolesteroli (au lehemu) iliyorundikana kwenye ateri, haikai hivyo. Lehemu hupenya ndani ya ukuta wa ateri na kurundikana humo pamoja na seli na nyuzinyuzi, hadi ukuta unatuna na kuibana njia ya damu. Ndiyo maana hata "utando" siupendi hapa, kwa kuwa utando hutanda juu ya kitu. Na "iliyoganda", neno ulilotumia wewe, linamvuta msomaji kwenye damu iliyoganda, ambayo ni jambo jingine: bonge la damu mara nyingi hutokea plaki inapopasuka. Mimi huandika "plaki", na mara ya kwanza naieleza: mrundikano wa lehemu ndani ya ukuta wa ateri.

Sasa kitenzi. Mwaka 1980 watafiti wa Italia walieleza protini waliyoiita apoA-I Milano, iliyoonekana katika ukoo wenye asili ya kijiji cha Limone sul Garda. Wenye protini hiyo walikuwa na HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, ya chini, lakini mishipa yao haikuugua kama ilivyotarajiwa. Protini za jamii ya apoA-I huchukua lehemu kutoka kwenye seli za ukuta wa ateri, ikapelekwa kwenye ini. Kiswahili kina kitenzi chake tayari: kusomba. Mchanga husombwa, maji husombwa, safari baada ya safari, mzigo kidogo kidogo. Sijaona kitenzi kinachoifaa kazi hii kuliko hicho.

Lakini usikitumie kwa kila dawa. Evolocumab, iliyoidhinishwa mwaka 2015, ni kingamwili, kwa hiyo nayo ni protini, ila yenyewe haisombi kitu. Huizuia PCSK9, protini inayosababisha vipokezi vya ini kuharibiwa. Vipokezi vikisalimika, ini hunasa lehemu nyingi zaidi kutoka kwenye damu. Hapo andika "hulisaidia ini kunasa lehemu".

"Huondoa plaki" nalo likwepe. Katika jaribio dogo la Marekani lililochapishwa mwaka 2003, wagonjwa walidungwa apoA-I Milano mara moja kwa wiki kwa wiki 5, na ujazo wa plaki ukapungua kwa takriban asilimia 4. Huko ni kupunguza. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la apoA-I iliyotokana na damu ya binadamu, lenye wagonjwa zaidi ya 18,000 waliotoka kupata mshtuko wa moyo. Halikuonyesha upungufu wa maana wa vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi katika siku 90. Mgonjwa akisoma "huondoa" anaweza kuacha vidonge vinavyomsaidia, kwa hiyo kwenye dawa kama hizi andika "iliyojaribiwa kupunguza plaki".

Kuhusu lehemu na kolesteroli, yote mawili ni sahihi. Lehemu ni pia ile ya fundi wa kuunga vyuma, lakini katika sentensi inayozungumzia damu hakuna atakayechanganya. Chagua moja, utaje la pili mara moja mwanzoni, kisha ushikilie ulilochagua hadi mwisho wa makala.